Mke Mwenza Mwenye Magurudumu Manne

Siku Bwana Gélase alipokuja kusema kwamba anauza nyumba, Ilyasi alikuwa analinywesha basi lake.

Alikuwa amesimama ubavuni mwa basi, chupa ya soda mkononi, na ndani ya chupa mlikuwa na petroli, lita moja isiyotimia, aliyoinunua kwa magendo kwa bei ya kilo mbili za nyama. Aliimimina polepole, akaitingisha chupa hadi tone la mwisho, kisha akapanda kiti cha dereva na kuwasha. Basi likakohoa, likanguruma. Akalisikiliza kwa dakika mbili, macho kayafumba kama mtu anayesikiliza kasida, halafu akalizima. Ndivyo alivyofanya kila Ijumaa asubuhi tangu nchi jirani zifunge mipaka na mafuta yaadimike Bujumbura. Injini isiyowashwa, alisema, husahau kazi.

"Mke mwenzangu ameshakunywa?" mkewe Khadidja aliuliza kutoka jikoni. "Sisi wengine tutakunywa nini leo?"

"Siku njia zikifunguka, huyu ndiye atakulisha."

"Mwaka wa pili huu ananilisha moshi, Baba Yasmina."

Basi lilikuwa limesimama uani juu ya mawe manne ili matairi yasioze, katika parsele, kiwanja na nyumba yake, waliyopanga mtaa wa Buyenzi kwa miaka kumi na tisa. Ilyasi aliliweka ndani yake kila faranga aliyoipata katika umri wake wa ufundi wa magari. Kabla mipaka haijafungwa lilikuwa likibeba abiria toka sokoni mpaka kaskazini ya mji, na jina lake, TAUSI, lilikuwa limeandikwa nyuma kwa rangi ya dhahabu. Sasa Tausi alikuwa ametulia uani, na Ilyasi akimpangusa vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso wake mwenyewe.

Mlango wa uani ukagongwa. Aliyeingia alikuwa mwenye nyumba, Bwana Gélase, mtumishi wa serikali, mrefu, tai shingoni, viatu vimepanguswa ingawa alitembea kwa miguu toka Mutanga Sud. Alikataa kiti, akakubali maji. Alikuwa mtu wa aibu, na habari mbaya aliitoa haraka kama anayetema tonge la moto.

"Ilyasi, nauza hii parsele. Nyumba ninayojenga Mutanga haiishi. Simenti ya leo si simenti ya jana. Nataka milioni moja na laki mbili."

Khadidja akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Kuna mutu amekwisha kuja," Gélase akaendelea. "Zénon, yule wa chumvi na sukari. Anataka aifanye depo. Lakini mi nilisema, apana, nianze na wenye kukaa ndani. Munilipe nusu Ijumaa ijayo, saa nane ya mchana. Ile nusu ingine mutanilipa ndani ya mwaka moja. Bila hiyo nusu, sha, nampa Zénon, naye anataka nyumba tupu kabla mwezi uishe."

Laki sita kwa siku saba. Khadidja aliuangalia mlango wa chumba alimozaliwa Yasmina. Ilyasi, yeye, alitabasamu. Akalipiga basi kofi la mapenzi kwenye ubavu.

"Musiyo Gélase, kwa hiyo nusu usipoteze usingizi. Niko na basi."

Gélase aliliangalia basi, akayaangalia mawe, akaangalia chupa ya soda iliyokauka.

"Ndiyo," alisema kwa upole. "Naliona."

*

Jumamosi Ilyasi alivaa shati la Idi akaenda kumuuzia basi Zénon mwenyewe. Alikwisha kupita kwa watu wanne, na wote walimjibu neno moja: esansi, yaani petroli. Alijiambia kwamba tajiri ndiye atakayejua thamani ya kitu.

Zénon alimkalisha juu ya gunia la chumvi akaendelea kuongea na wateja. Aliuza sukari kwa mama mmoja, akauza viberiti kwa mwingine, akafungua redio, akafunga redio. Saa nzima ilipita. Chumvi ikaanza kumwingia Ilyasi kwenye suruali.

"Bon," Zénon alisema hatimaye. "Unauza ile kitu?"

"Basi, tajiri. Viti kumi na tano. Injini yake inasema kama mutoto wa skuli."

"Inasema, lakini haitembei." Zénon alicheka, na karani wake akacheka baada yake. "Fundi, gari bila esansi ni nyumba ya kuku. Nakupa laki na nusu."

"Mi nililinunua milioni mbili na nusu!"

"Mwaka gani? Mwaka ile hata mi nilikuwa na nywele." Akajipapasa kichwa chenye upara. "Laki na nusu, na ninakuonea huruma. Ukikataa, Ijumaa ijayo nalichukua pamoja na parsele, nakulipisha pesa ya kulipaki."

Ilyasi alirudi nyumbani akipitia vichochoro asikutane na Moubarak, fundi mwenzake, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko msumeno wake. Lakini Moubarak alikuwa amekaa mlangoni pa Ilyasi mwenyewe.

"Shehe, mbona mukia wa suruali una chumvi? Walitaka kukukaanga?"

*

Walikula mapema, ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, na mboga ya lengalenga, kabla ya saa ya amri ya watu kujifungia. Ilyasi alikuwa hagusi.

"Laki na nusu," alisema. "Anafikiri Tausi ni sufuria."

Khadidja alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka pembeni ya sahani. "Mi niko na kitu kidogo."

"Kitu gani? Ile biashara yako ya kokoto?"

Hilo ndilo jina alilolipa shughuli za mkewe kwa miaka yote. Alijua kwamba Khadidja hununua kitenge kimoja hapa, bati moja pale, mtungi wa mawese wakati wa mavuno, mbuzi mmoja ambaye hakai nyumbani. Alijua kama mtu anavyojua kwamba kuna panya darini: husikia, hahesabu.

"Niko na mbuzi wanne kule Ruziba, kwa Libère anayewachunga," Khadidja alisema. "Aliniambia mwezi huu wawili wana mimba. Vitenge kumi viko kwa mama yangu mudogo. Mawese, madumu tano, nilinunua wakati bei ilikuwa chini, iko kwa Sikuzani wa chapati. Likilimba, ule mchango wetu wa wanawake, sijachukua zamu yangu. Na mabati thelathini."

Yasmina, binti yao aliyekuwa akisoma mwaka wa mwisho wa sekondari, aliacha kutafuna. "Mama! Kumbe we ni Zénon wa kike?"

"Zénon ana depo moja," Khadidja alimjibu. "Ikishika moto, atauza majivu."

Ilyasi alikuwa amekodoa macho. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kila mara ulisema, 'Kokoto hizo.' Sikia, Baba Yasmina. Tangu hii vita ianze, nimeona watu wakikimbia na godoro kichwani. Mutu hawezi kukimbia na kila kitu. Nikasema, basi vitu vyangu vikae kwa watu tofauti, kila kimoja na mulango wake. Wakivunja hapa, hawatavunja Ruziba. Mbuzi wakipata ugonjwa, kitenge hakikohoi. Na faranga, faranga yenyewe inaoza kuliko nyanya. Kwa hiyo faranga sikuiweka."

Alisema hayo bila kiburi, akiokota ndagala wa mwisho. Ilyasi alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Yeye ndiye aliyekuwa mwanaume mwenye basi.

"Vyote vinafika laki sita?" aliuliza, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Tuone. Lakini sitavitoa vyote. Mbuzi wenye mimba siwauzi."

"Nyumba inaondoka, we unafikiria mimba ya mbuzi?"

"Ndiyo. Baada ya Ijumaa kuna Jumamosi."

*

Libère wa Ruziba alileta wale mbuzi wawili wa kuuzwa Jumapili. Vitenge na mawese viliondoka Jumatatu, kwa bei kubwa iliyomfanya Ilyasi atafute ukuta wa kuegemea. Likabaki likilimba, na hapo ndipo penye kazi. Wanawake kumi na wawili walikuwa wakichanga kila mwezi na kumpa mmoja wao mchango wote. Lakini zamu ya Khadidja ilikuwa ya kumi, na mwezi huu ulikuwa wa saba. Ilibidi mtu akubali kubadilishana naye. Sikuzani, mpika chapati aliyekuwa mkubwa wa kikundi, alituma neno: tutazungumza, lakini Baba Yasmina aje mwenyewe.

Ilyasi alijua kwa nini. Miaka miwili nyuma aliwahi kupita mbele ya kikao chao akasema kwa sauti, "Leo kuku wanataga nini?"

Aliwakuta kwenye mikeka, uani kwa Sikuzani, wamejipanga kama mahakama. Hakuna aliyemsogezea kigoda.

"Karibu, jogoo," alisema Sikuzani.

Mikeka yote ikaangua kicheko. Ilyasi alisimama, kofia mkononi.

"Mama zangu, asalam alekum."

"Walekum salam. Tunasikia una shida na yai."

"Dada Sikuzani, mi nilikosea. Nilisema neno la kijinga. Leo nimekuja kuomba."

"Unaomba nini? Sema vizuri, wengine hapa wana masikio ya zamani."

"Naomba Mama Yasmina achukue zamu hii mwezi. Ili tusitoke kwenye nyumba."

"Na kama tukisema apana?"

Ilyasi alimtazama mkewe. Khadidja alikuwa ameinamisha uso, akikunja na kukunjua pindo la mtandio wake, na mabega yakimtikisika. Alidhani analia. Alipotazama vizuri akaona anazuia kicheko.

"Mukisema apana," Ilyasi akajibu, "mutakuwa na haki. Na mi nitarudi kesho kuomba tena, na keshokutwa, mpaka muchoke na sura yangu."

Wanawake walitazamana. Mwenye zamu ya mwezi ule, mama mzee aliyekuwa akiuza mkaa, alijifuta machozi ya kucheka.

"Mupeni," alisema. "Mi nilitaka kununua kabati. Kabati inaweza kungoja. Mutu anayeomba hivi sijamuona tangu niolewe."

Zikatoka laki moja na elfu kumi. Pamoja na vyote, Khadidja alikuwa na laki mbili na nusu ndani ya kanga. Kokoto zilikuwa zimeishinda bei ya Zénon ya basi zima kwa laki nzima.

*

Yalibaki mabati thelathini, na mabati hayakuwa yamelala ghalani. Yalikuwa juu ya nyumba ya Dative.

Dative, mama wa watoto wanne, alikimbia kwake Mutakura mwaka wa mapigano akakaa na Khadidja uani kwa miezi mitano. Aliporudi kwake alikuta kuta peke yake. Paa, milango, hata misumari vilikuwa vimeondoka. Khadidja alimwambia achukue mabati yake, ayapige juu, na ampe kidogo kidogo kila mwezi, kama kodi ya paa. Kwa miezi kumi Dative hakukosa hata mara moja.

"Ni mali yetu," Ilyasi alisema Jumanne jioni. "Leo bati moja ni elfu sita."

"Ni yetu," Khadidja alikubali.

"Kwa hiyo kesho naenda kuyaleta."

"Nenda. Mi sitakuzuia na sitakusindikiza."

Akaenda, na nyundo na ngazi ya kuazima na kijana wa mkokoteni akimngoja njiani. Dative alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkristo wa kanisa la jirani, na alimwita shemeji kama siku zile za uani. Alipoelezwa shida hakupiga kelele. Aliangalia mbingu ya Septemba ambayo ilikuwa imeanza kukusanya mawingu.

"Ego, ndiyo, shemeji. Ni mabati ya dada Khadidja. Niliziazima, sikupewa. Ngoja tu nitoe magodoro ndani, yasishike vumbi."

Watoto wakaanza kutoa vitu: godoro, sufuria, picha ya Bikira Maria iliyofunikwa na nailoni. Walivitoa kwa utaratibu wa watu waliozoea kutoa vitu. Mdogo wao alibeba mto mmoja kichwani, akamuuliza Ilyasi kama na yeye anahama.

Ilyasi akapanda ngazi. Aliingiza ncha ya nyundo chini ya msumari wa kwanza, akauvuta, ukalia. Akauvuta wa pili. Bati likainuka kidogo, na kupitia ule upenyo akaona chini sakafu iliyofagiwa na Dative ameketi juu ya kitanda kisicho na godoro, mikono magotini, akingoja mwanga uingie.

Mkono wa Ilyasi ukakataa.

Akabaki pale juu, kama kunguru aliyesahau alichokujia. Dative akatoka nje, akamtazama akiwa amekinga jua kwa kiganja.

"Shemeji, kuna shida? Sikiliza, kama unataka, chukua zile kumi za upande wa jikoni. Si lazima uondoe paa yote. Sisi tutasongamana huku. Bati si kitu kimoja, unaondoa unavyohitaji."

Ilyasi aliyarudia maneno hayo kichwani mwake. Unaondoa unavyohitaji. Alikaa juu ya paa la mwanamke huyu, yeye fundi wa miaka ishirini na sita, mtu aliyefungua injini nyingi kuliko alivyofungua barua. Mjini kote hapakuwa na kipuri kilichoingia tangu mipaka ifungwe. Wiki iliyopita tu Moubarak alilia kwa sababu ya giaboksi moja, akaitafuta mpaka ng'ambo, Uvira, akaikosa. Na yeye, Ilyasi, kila Ijumaa alikuwa anaipa petroli giaboksi nzima, dynamo nzima, matairi matano yasiyokanyaga lami kwa mwaka na nusu, na kuita vyote jina moja.

Akacheka. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Shemeji!" Dative aliogopa. "Usianguke, nitasema nini kwa dada?"

"Mi ni mujinga, Dative! Mujinga wa kiwango cha juu!"

Akairudisha misumari yote miwili mahali pake, akaongeza na wa tatu uliokuwa umelegea. Alipoteremka aliwasaidia watoto kurudisha magodoro, akamlipa kijana wa mkokoteni kwa safari tupu, na mvua ya kwanza ikamkuta njiani, ikamlowesha tangu kofia hadi soksi.

*

Alhamisi alfajiri Buyenzi ilisikia kitu ambacho haikutegemea: Ilyasi akifungua nati za Tausi.

Moubarak alifika wa kwanza. Alivua kofia, akaiweka kifuani. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Leta spana namba kumi na saba, acha maneno."

"Na eda utakaa wapi? Maana mi najua wanawake tu ndio wanakaa."

"Mi ndiye niliyefiwa," Khadidja alisema toka jikoni. "Mke mwenza ni ndugu."

Lakini Moubarak alileta spana, akavua na shati. Habari ilitembea kwa kasi isiyohitaji petroli. Kabla ya saa nne walikuwa wamefika mabwana wa teksi, wakigombania matairi. Akaja mtu wa betri. Akaja mtu wa vioo, ambaye madirisha yake yalivunjika siku ya milipuko na alikuwa akiishi nyuma ya katoni. Viti vilichukuliwa na mwenye baa, viwili viwili. Na saa sita akaingia Cirimwami, Mkongo wa Uvira, mwenye basi pacha wa Tausi ambalo lilikuwa limekufa kando ya njia kule Gatumba kwa siku kumi na mbili.

Alikuwa mnene, mwenye kucheka hovyo, lakini alipoiona giaboksi imewekwa juu ya gunia safi, imepanguswa, inang'aa, aliacha kucheka.

"Hii bwate ya vitesi inatembea?"

"Ijumaa iliyopita ilinguruma hapa."

"Kunguruma ni injini, fundi. Mi naulizia meno."

Ilyasi akaifungua mbele yake. Alimwonyesha jino moja moja, akizungusha kwa kidole, na katika dakika zile hakuwa mtu anayefukuzwa nyumbani, alikuwa fundi. Cirimwami akataja laki moja. Ilyasi akaanza kufunga. Cirimwami akataja laki na kumi. Ilyasi akatafuta kitambaa cha kuifunika. Khadidja akapita na chai, akasema kama anayezungumza na birika, "Kuna mutu mwingine wa Uvira alisema atapita saa saba."

"Nani huyo?" Cirimwami alishtuka.

"Sijui jina. Munene kama wewe."

"Laki na thelathini! Na chai!"

Jioni Tausi alikuwa mabati matupu na injini. Injini Ilyasi alitaka kuiuza pia, mkono umeshapata moto, lakini Khadidja alitikisa kichwa, naye akaifunika kwa turubai bila kubishana. Bodi ilinunuliwa na Jovithe, kinyozi wa kona, aliyetaka kibanda chenye madirisha hata kama hayana vioo. Wanaume kumi na wawili waliinyanyua mabegani wakaitoa kwa mlango wa uani uliobidi ung'olewe. Walipita nayo katikati ya mtaa wakiimba kama wanaopeleka bibi harusi, Moubarak mbele akipiga sufuria, watoto nyuma, na Ilyasi kando yao akisema, "Taratibu kwenye kona! Taratibu! Huyu alizoea lami!"

Kisha akakaa juu ya jiwe moja katika yale manne, akajifuta uso kwa mkono wenye grisi. Yasmina akaja akakaa juu ya jiwe la pili.

"Unalia, Baba?"

"Kidogo," alisema Ilyasi. "Chozi moja la bodi. Giaboksi imeenda kwa mutu mwema."

*

Ijumaa, saa nane kasoro dakika kumi, baada ya swala, Bwana Gélase alikuwa ameketi sebuleni na karatasi zake. Zénon alikuwa ameketi pia, bila kualikwa, na mkoba wa ngozi juu ya mapaja.

Ilyasi aliweka pesa mezani. Noti zilikuwa za kila umbo: nyingine zinanuka mawese, nyingine mbuzi, nyingine zimeshikwa na vidole vya dereva. Laki sita kamili. Zénon alizisukuma kwa ncha ya kalamu.

"Musiyo Gélase, unapokea hii takataka? Mi niko na milioni moja na laki mbili, leo, hapa. Na ninaongeza laki mbili juu."

Gélase alishika tai yake. Laki mbili zilikuwa magunia mengi ya simenti, na kila mmoja aliona anayahesabu.

"Musiyo," Khadidja alisema. Hakupandisha sauti. "Ile nyumba yako ya tatu, ya Kamenge. Ina milango mingapi leo?"

Gélase alimtazama. "Milango? Mama Yasmina, hata fremu hakuna. Walibeba mpaka choo."

"Na hii?"

Gélase aliangalia. Mlango wa mbele, wa chumba, wa jikoni, madirisha yake, komeo iliyotiwa mafuta.

"Hii yote iko."

"Siku watu walikuwa wanabomoa, sisi tulikuwa ndani. Baba Yasmina alilala nyuma ya huo mulango na nyundo majuma mawili. Sikukuambia ili unilipe. Nakukumbusha tu. Ungekuwa na nyumba moja, ile ya Kamenge peke yake, leo ungeuza nini?"

Gélase aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa anatabasamu, kwa aibu yake ileile.

"Nilisema saa nane," alimwambia Zénon. "Saa nane haijafika na pesa iko mezani. Mi ni mutu wa ofisi, tajiri. Saa ni saa."

Zénon akafunga mkoba kwa kishindo. Mlangoni aligeuka akasema kwamba basi angelilipia hata laki mbili, kumbe limekwenda wapi?

"Limekwenda Uvira," Moubarak alijibu toka nje, alikokuwa akisikiliza dirishani. "Limekwenda baa, na teksi, na kwa Jovithe. Wewe mwenyewe na kile kipara, hata kunyolewa ndani yake huwezi."

Wakatia sahihi: Gélase, kisha Ilyasi, kisha Khadidja, ambaye Ilyasi alimsogezea kalamu bila kuulizwa, na Yasmina kama shahidi, kwa maandishi mazuri ya shule.

Gélase alipoondoka walitoka uani. Palikuwa peupe ajabu. Pale basi liliposimama ardhi ilikuwa kavu na nyeusi kwa mafuta, ya mraba, na mawe manne yakiwa kwenye pembe zake. Khadidja alikuwa ameweka mkono kiunoni, akipapima kwa macho.

"Sasa ni yetu," alisema. "Karibu nusu. Na hiyo nusu ingine inataka kulipwa. Hapa chumba kimoja cha kupangisha kingeingia."

Ilyasi alikuwa ameshaanza kutembea. Alikanyaga hatua ndefu kutoka jiwe hadi jiwe, akageuka, akakanyaga tena, midomo ikihesabu.

"Viwili," alisema.

"Viwili vya nini? Vitakuwa vidogo."

"Vidogo ndiyo. Lakini viwili, kila kimoja na mulango wake. Mupangaji mumoja akikimbia..."

Hakumaliza. Khadidja alikuwa amekaa chini, palepale kwenye mafuta, na kanga yake safi ya Ijumaa, akicheka mpaka akashindwa kupumua, akimnyooshea Ilyasi kidole huku akimtazama Yasmina, kama anayesema: umesikia? Umemsikia baba yako?